Mkamwana Hampiti Mavyaa

Jumamosi, 8 Juni

Mdogo wangu Hosiyat, amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya nyumba yako huko ugenini. U hali gani? Kile kikohozi kimekuacha? Watoto wanakula, au bado wanachagua kama mabwana wakubwa? Na baridi ya huko imeshaondoka, au ndiyo kwanza mnavua makoti? Sisi huku, tumshukuru Mola, wazima, isipokuwa huu moyo wangu ambao habari zake unazijua.

Nakuandikia kwenye daftari kwa sababu simu ya nyumba hii ni ya watu wote. Ukipiga, Baba Mavzuna anaongeza sauti, mama yake anasogea karibu, na jirani akipita ukutani naye anakusalimia. Neno la dada kwa dada litapita wapi hapo? Basi nitaandika msimu huu wote wa aprikoti, kidogo kidogo, halafu nitampa dereva anayeleta mizigo huko kwenu, pamoja na kifurushi cha zilizokauka.

Jana nilikwenda hospitali ya mjini. Kuna daktari mpya wa moyo, Daktari Holmurod, kijana bado lakini kipara kimeshamwahi. Akausikiliza moyo, akaupiga picha, akasema, "Dada, moyo huu umetanuka na unasukuma damu kwa uchovu. Hayo nimeyaona ukiwa umelala. Sasa nataka niuone ukiwa kazini." Kumbe maana yake ni kutembea katika ukumbi mrefu wa hospitali, kwenda na kurudi, kwa dakika sita. Yeye akaenda kwa mgonjwa mwingine, akaniacha na muuguzi Ziyoda, msichana mwenye adabu zake, aliyeshika saa. Akaniambia, "Tembea kwa kadiri ya nguvu zako, shangazi. Ukichoka simama, ukipata pumzi endelea."

Hapo ndipo mavyaa wangu, aliyenisindikiza, alipoinuka. Unamjua mama mkwe wangu, Bibi Oyimniso. Akasema, "Mkamwana wangu atembezwe peke yake mbele ya wanaume wote hawa waliojaa kwenye mabenchi, kama mbuzi anayeonyeshwa mnadani? Haiwezekani. Naenda naye." Akashika mkongojo, akatangulia. Ziyoda akafungua mdomo, akaufunga. Nani atamwambia bibi anayekaribia themanini akae chini?

Basi tukatembea, mavyaa mbele, mimi nyuma. Kila benchi lenye mzee, mavyaa anasimama, mkono kifuani: hujambo, watoto hawajambo, ng'ombe hajambo, kisima kina maji? Mimi nangoja nyuma yake nimeinamisha kichwa. Dakika zikaisha. Njia nzima ya kurudi alijisifu: "Umeona? Hakuna aliyethubutu kukukodolea macho." Wamepima nini katika matembezi yale, sijui. Labda mapigo ya moyo.

Jumapili, 9 Juni

Mavyaa kanigombeza kwamba supu imezidi chumvi. Baadaye kanigombeza kwamba haina chumvi. Supu ni ileile.

Jumanne, 11 Juni

Baba Mavzuna ameitwa hospitali peke yake. Unajua mambo yetu: habari njema anapewa mgonjwa, habari mbaya anapewa mwenye nyumba. Nikasema moyoni, Sanavbar, hapa pana jambo.

Alirudi alasiri na tikiti maji. Tikiti maji mwezi wa Juni, Hosiyat, wakati bei yake bado iko juu mawinguni. Akalipasua mwenyewe, akanipa kipande cha katikati, kisicho na mbegu.

"Daktari kasema nini?" nikamwuliza.

"Kasema unywe dawa."

"Hizo hizo?"

"Hizo hizo. Kula tikiti."

Kisha akaingia chumbani kwa mama yake wakazungumza mlango umefungwa. Mavyaa alipotoka, macho mekundu, nilikuwa nimesahau kufunika unga na kuku wameshaingia kwenye chungu. Nikajiweka tayari kupokea yangu. Akawatazama kuku. Akanitazama mimi. Akasema, "Si kitu, mwanangu. Nao ni viumbe."

Miaka ishirini na tatu nimo katika nyumba hii. Hajawahi kuniita mwanangu.

Jumatano, 12 Juni

Hajanigombeza.

Ijumaa, 14 Juni

Hajanigombeza. Niliunguza mkate makusudi, upande mmoja, nione atasema nini. Akasema mkate uliokolea moto ni mzuri kwa meno. Ana meno manne.

Jumapili, 16 Juni. Idi

Idi njema, mdogo wangu. Mungu azikubali swala zetu na kuchinja kwetu.

Tumechinja kondoo. Watu walijaa, pilau ikapikwa masufuria mawili. Mimi nilikuwa nakwenda kuchota maji, mavyaa akaninyang'anya ndoo mbele ya wageni. Akanikalisha mahali pa heshima, mbali na mlango, pale anapokaa yeye. Akaweka mbele yangu nyama ya mgongo, ile nono. Wake wa mashemeji zangu wakatazamana.

Nikamega, nikatia mdomoni, na nikiwa natafuna ndipo nilipofahamu. Mimi ninakufa.

Sikulia. Nilisema Inna lillahi taratibu, nikaendelea kula, kwani nyama ilikuwa laini na riziki hairudishwi. Lakini mavyaa alikuwa ananitazama muda wote. Akanifunika goti kwa shali yake. Joto la Juni, Hosiyat, na ananifunika shali.

Alhamisi, 20 Juni

Mavzuna amekuja kutoka mji wa Khujand. Chuo chao cha uuguzi kimefunga kwa likizo ya kiangazi, lakini alishusha mizigo yote: vitabu, godoro, hata kile kikaango chake kidogo. Mtu wa likizo haji na kikaango.

Nikamketisha kwenye kivuli cha mforosadi, nikamwambia, "Wewe ni binti yangu na hujui kudanganya, umerithi kwangu. Baba yako amekuambia nini?"

Akachuna nyasi moja, akachuna ya pili. "Amesema moyo wako ni dhaifu sana, Mama. Daktari amesema si wa miaka mingi. Pengine mwaka, pengine miwili."

"Haya. Na kikaango?"

"Bibi anasema inafaa niolewe vuli hii, ili nawe uione harusi yangu kwa macho yako. Watu wa Islom watakuja." Islom ni mtoto wa yule fundi wa tanuri wa ng'ambo ya mfereji, unamkumbuka, mwenye masikio.

"Islom unamtaka?"

Akaona haya. "Islom hana ubaya. Ubaya ni wa haraka. Nimebakiza miaka miwili nimalize."

"Umemwambia baba yako?"

"Nimwambie baba kwamba kusoma kwangu ni kukubwa kuliko furaha ya mama yangu ya mwisho?"

Tukakaa pale tunakula forosadi zilizoanguka mpaka vidole vikawa vyeusi.

Jumatatu, 24 Juni

Aprikoti za mapema zimeanza kudondoka. Sauti yake juu ya paa usingizini ni kama mtu anabisha hodi kwa heshima.

Ijumaa, 28 Juni

Tumepasua aprikoti tangu asubuhi, wanawake tisa uani, kokwa upande huu, nyama upande ule. Mimi nimepewa mto wa kuegemea. Mwanamke mwenye afya yake akipewa mto siku ya kazi ni dharau; mgonjwa akipewa ni hukumu. Mikono yangu iliwapita wote lakini hakuna aliyenitania kama zamani kwamba nakula nyingi kuliko ninazopasua. Nakwambia kweli, kufa si kugumu kama kuhurumiwa.

Cha ajabu, mwili wenyewe haujui kwamba unakufa. Dawa ya kutoa maji mwilini inafanya kazi, miguu imenywea, viatu vimekuwa vikubwa. Nalala na mito miwili badala ya minne. Nikipanda kilima cha kisimani nahema, lakini mwaka jana nilikuwa nakaa njiani mara mbili, mwaka huu sikai. Nimemwambia Baba Mavzuna. Akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya mtu anayezika.

Jumapili, 30 Juni

Nataka kukwambia jambo kuhusu mavyaa, na ulisome ukiwa peke yako.

Unajua nilivyokuwa nikimsema. Kwamba nilipokuja hapa bibi harusi aliniamsha alfajiri mwezi mzima nifagie barabara mpaka kwa jirani wa tatu. Kwamba hakunisifia hata chai. Kwamba nilijifunza kutoka chumbani kinyumenyume ili nisimpe mgongo, na kutembea nyuma yake hatua mbili hata kwenye mvua. Hayo yote ni kweli na sifuti.

Leo niliamka kabla ya adhana. Mlango wake ulikuwa wazi kidogo. Yuko juu ya msala, goti lile bovu amelinyoosha upande, mikono juu, na anaomba kwa sauti kama anabishana na muuza vitambaa: "Ee Mola, umekosea nyumba? Mzee katika nyumba hii ni mimi. Niliyechoka ni mimi. Mchukue aliyekomaa, umwache anayezaa matunda. Mimi niko tayari, hata leo, ila ngoja kwanza nimalize kukausha."

Nikarudi kitandani nikajifunika uso, nikawa nacheka na kulia kwa pamoja mpaka Baba Mavzuna akadhani ndiyo saa yenyewe imefika.

Nami nimeswali. Nimesema, Ya Rabbi, ukinitaka nitakuja, sitatafuta sababu. Lakini kama unapokea maombi ya watu wawili wa nyumba moja, usilipokee la yule bibi.

Jumatano, 3 Julai

Watu wa Islom wamekuja, wanawake watatu na sahani ya peremende. Siku ya kuvunja mkate wa uchumba imewekwa: Jumapili ya tarehe 14. Mavzuna aliwapa chai kwa adabu. Kikombe cha kwanza alijaza mpaka juu, jambo ambalo kwetu ni kumwambia mgeni anywe aende zake. Mavyaa akaona.

Alhamisi, 4 Julai

Joto. Tumejaza paa lote na ua wote aprikoti.

Jumamosi, 6 Julai

Kaa vizuri, Hosiyat, leo ninayo marefu.

Baada ya swala ya adhuhuri upepo ulisimama. Majani ya miti ya mipopla hayatikisiki. Nikatazama milimani, nikaona wingu jeusi limeinama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Mvua ya Julai. Na juu ya mikeka yetu yamelala mavuno ya mwaka mzima, yamekauka nusu. Aprikoti ya namna hiyo ikilowa ni ya ng'ombe.

Baba Mavzuna alikuwa juu ya paa, Mavzuna chini yake akipokea trei. Mavyaa aliketi barazani, goti likimzuia, ulimi pekee ukifanya kazi, akimwamrisha mwanawe kule juu: "Mkeka wa tanuri! Wewe, Abduvohid, ule wa kona! Acha huo, huo ni wa jana!"

Nami nilisahau. Wallahi nilisahau kwamba mimi ni mgonjwa. Nikashika ncha za mkeka, nikakunja, nikabeba mpaka ghalani. Nikarudi. Nikabeba mwingine. Uani mpaka ghalani, ghalani mpaka uani, nikimpita mavyaa pale barazani kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kwa mwendo wa haraka, kwani matone yalishaanza kupiga mavumbi. Nilihema, naam. Nilisimama mara moja nikashika nguzo, pumzi ikarudi, nikaendelea. Tulipotia mkeka wa mwisho, mbingu ikafunguka.

Tukakaa barazani tumelowa, Mavzuna na mimi tunacheka bila sababu. Baba Mavzuna anavua kiatu na kumimina maji. Mavyaa peke yake hacheki. Amenikazia macho.

"Abduvohid," akasema, "njoo hapa."

"Mama, nivue na cha pili."

"Kiatu hakikimbii. Yule daktari alikuambia nini siku ile? Neno kwa neno."

Baba Mavzuna akanitazama, akatazama mvua. "Mama, si mbele ya..."

"Mbele yake hasa. Anajua. Kondoo mwenyewe wa Idi alijua. Sema."

Akashusha pumzi. "Alisema picha ya moyo haijaharibika kuliko ya mwaka jana. Kilichomtisha ni kutembea. Alisema mtu anayefika karibu vile kwa dakika sita, moyo wake uko ukingoni. Akasema picha inaonyesha moyo ulivyo, lakini miguu inasema utakwenda mpaka wapi."

"Alifika wapi?"

"Hata mita mia mbili hakufikisha."

"Mia mbili," mavyaa akasema kwa dharau. "Mia mbili mimi mwenyewe kwa goti hili na mkongojo..."

Mvua ilikuwa inapiga bati la ghala. Akanigeukia polepole.

"Wewe mwana. Siku ile, mbona hukunipita?"

"Nikupite, Mama?"

"Ndiyo. Unipite. Utangulie."

"Nitakupitaje, Mama? Ulikuwa mbele."

"Ulikuwa umechoka?"

"Hapana, Mama. Nilikuwa nakungoja. Ulikuwa unamwuliza yule mzee habari za kisima."

Kisha Mavzuna akaweka mikono mdomoni, mabega yakaanza kumtetemeka. "Bibi," akasema, "kumbe daktari alikupima wewe."

"Mimi?"

"Wewe, Bibi. Wewe na kisima."

Mavyaa akafikiri. "Kwa hiyo niliyeko ukingoni ni mimi?"

"Kwa umri wako, Bibi, ulitembea vizuri sana."

Baba Mavzuna alikaa chini palepale, kiatu mkononi, akacheka mpaka akalia. Kisha akalia tu. Mavyaa alimpiga begani kwa mkongojo, si kwa nguvu. "Unamimina maji ya kiatu kwenye godoro langu," akasema. Akanigeukia mimi. "Na wewe. Mkeka wa tatu umeukunja uchafu ndani. Macho yako yalikuwa wapi?"

Hosiyat, sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo.

Jumapili, 7 Julai

Nilijilaza asubuhi, miguu imevimba kidogo kwa kazi ya jana. Hofu ikanirudia: na kama bado ni kweli? Kufurahi barazani si kupona. Mavzuna ananiambia tungoje kupimwa upya kabla hajafunga mizigo yake ya kurudi chuoni. Nimeswali rakaa mbili nikiwa nimekaa kitini.

Jumanne, 9 Julai

Tumekwenda wote wanne.

Daktari Holmurod alimsikiliza mavyaa mpaka mwisho. Mavyaa alisimulia yote, pamoja na kisima. Daktari hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akamwita Ziyoda.

"Dada Ziyoda, bibi huyu alitembea na mgonjwa?"

Ziyoda akawa mwekundu kama komamanga. "Alitangulia, Daktari."

"Nawe hukumwambia akae?"

"Daktari, angekuwa bibi yako ungemwambia?"

Daktari akawaza. "Nisingemwambia," akasema. "Nami nimeandika hukumu bila kuuliza nani alikuwa mbele. Kosa ni langu, mama." Kisha akanigeukia kwa ukali. "Lakini kukimbizana na mvua usirudie. Siku ile ulipata bahati, na bahati haiandikwi kwenye cheti cha dawa."

Akaja mwenyewe ukumbini, ameshika saa. Mavyaa akapewa kiti kule mwisho, karibu na alama ya kugeukia, kwa sharti afunge mdomo. Akakubali, jambo ambalo peke yake lingetosha kuandikwa gazetini. Baba Mavzuna na Mavzuna wakasimama mlangoni. Mabenchi yalijaa kama siku ile.

"Anza," daktari akasema.

Nikaanza. Mara ya kwanza kwenda ilikuwa nyepesi. Mbele yangu hakuna mtu, Hosiyat. Ukumbi mtupu mpaka mwisho. Niliona haya kama niliyetoka bila kitambaa kichwani. Nikafika kwenye alama, mavyaa huyo kitini. Sasa nigeuke. Na nikigeuka nampa mgongo.

Mwili ulikataa. Nakwambia mwili, si mimi. Nikaanza kurudi kinyumenyume, mikono kifuani, nimeinama, kama bibi harusi wa juzi.

"Geuka," mavyaa akasema.

"Mama..."

"Geuka, nipe mgongo. Dakika zako zinakwisha."

"Bibi, ulikubali kunyamaza," daktari akasema kutoka kule.

"Nimenyamaza miaka ishirini na tatu," mavyaa akamjibu, na Mungu amsamehe kwa uongo huo. Kisha kwangu, sauti imeshuka: "Leo ukinipa mgongo unanipa heshima. Nenda, binti yangu. Nenda mbali uwezavyo."

Nikageuka. Nikampa mgongo. Nikaenda.

Sijui nikuelezeje. Nilikuwa nahema, kifua kinajaa, jasho shingoni, lakini miguu ilikuwa inakula sakafu. Mzee mmoja benchini akanyanyua mkono, "Assalamu alaikum, hujambo, watoto..." Nikamjibu nikipita, "Waalaikumu ssalaam, baba, nisamehe, nina dakika sita." Benchi zima likacheka. Niliporudi tena walikuwa wamevuta miguu yao ndani kunipisha, wanaume wazima, kama napita na moto. Mama mmoja mwenye bandeji akaanza kusoma dua kwa sauti. Mara ya nne kwenye alama niligeuka bila kufikiri, na nyuma yangu nikamsikia mavyaa akimwambia mtu, "Mkamwana wangu huyo. Huyo hapo anayekwenda."

"Simama," daktari akasema.

Nikasimama palepale nimeshika ukuta. Ziyoda akaleta kiti. Daktari akapima kwa kamba mpaka miguuni mwangu, akaandika, akapima tena. Zaidi ya mita mia nne.

Daktari akakaa kwenye benchi pamoja nasi, kati ya Baba Mavzuna na yule mzee wa salamu. "Miaka siwezi kukupa," akasema. "Hiyo si yangu kugawa. Moyo wako bado ni mgonjwa, na dawa utakunywa maisha. Lakini wenye moyo kama wako wanaotembea hivi, wengi wao wananijia mwaka baada ya mwaka, mpaka mimi nawachoka na wao wananichoka. Lile la mwaka mmoja au miwili, lifuteni."

"Kwa hiyo nitaweza kufanya kazi?" nikamwuliza.

"Nyepesi. Na ukihema, ukae."

"Atakaa," mavyaa akasema. "Nitamkalisha mimi."

Baba Mavzuna alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya gari, paji la uso chini kwenye changarawe, amesujudu. Alielekea upande usio wa kibla kabisa. Nimemwambia Mungu apokee hivyo hivyo.

Jumatano, 10 Julai

Tulikula mabaki ya jana. Nililala mchana, hakuna aliyekuja kunitazama kama bado napumua.

Jumamosi, 13 Julai

Mavyaa amevaa gauni lake la hariri, akaniambia, "Twende kwa watu wa Islom." Nikamwuliza Baba Mavzuna anaonaje, akasema hilo ni la wanawake.

Njiani kwenye daraja la mfereji palikuwa pembamba. Akasimama. "Tangulia," akasema.

"Mama, watu wanaona."

"Waone. Nikiwa mbele wewe hubaki nyuma tu, unakufa."

Nikatangulia. Ilikuwa hatua chache, lakini jirani yetu aliyekuwa anafua aliacha nguo ikachukuliwa na maji.

Kwa kina Islom mavyaa hakuzunguka. "Tulikuwa na haraka kwa sababu tulidhani tuna msiba," akawaambia. "Msiba umeahirishwa. Binti asome miaka yake miwili, amalize. Mkitaka kungoja, mkate tutauvunja hapo. Msipotaka, hatuna kinyongo, na sahani yenu ya peremende hii hapa, tumekula mbili tu."

Islom mwenyewe, aliyekuwa nyuma ya mlango wakati wote, ndiye aliyejibu: "Tutangoja." Masikio mekundu. Mama yake akasema, "Nani amekuuliza wewe?" lakini alikuwa anatabasamu, akatia chai. Vikombe alijaza kidogo kidogo, ili tukae.

Jumatatu, 22 Julai

Aprikoti za pili zimekauka vizuri. Za kwako nimezichagua moja moja.

Jumatano, 28 Agosti

Dereva ameleta habari kwamba anaondoka keshokutwa, basi nafunga daftari. Mavzuna amepakia mizigo yake tayari kurudi Khujand, kikaango juu kabisa. Mavyaa amempa mikate saba na mawaidha yasiyohesabika, kisha akamnong'oneza, nami nikasikia, "Ukishakuwa muuguzi, bibi akikuambia anakwenda na mgonjwa, mwambie akae. Mimi nimekuruhusu."

Sasa sikiliza. Jana wakati tunakula, Baba Mavzuna alikohoa kama anayetaka kukiri wizi. "Mama Mavzuna," akasema, "usikasirike. Mwezi wa Juni nilimpigia Hosiyat pia. Nikamwambia."

"Ukamwambia nini?"

"Nilichoambiwa. Akalia. Akasema ameshakata tiketi, atakuja Septemba kukuaga. Halafu kwa furaha nikasahau kumwambia kwamba hufi."

Nilibaki na mkate mkononi. Kumbe hata wewe! Miezi miwili unaniita kwenye simu "dada yangu wa pekee," unaomba msamaha kwa hereni uliyopoteza tukiwa watoto, na mimi nasema ugenini kumemlainisha huyu. Hereni nimekusamehe, lakini sasa ninayo kumbukumbu ya kwamba ulikiri.

Tangu jana nakupigia, simu yako haipatikani. Basi usije Septemba, mdogo wangu, mbio mbio, siku nne, na macho ya kuagana. Tusiipoteze safari yako kwa msiba ambao haupo. Njoo majira ya kuchipua, aprikoti zikichanua bonde zima, pamoja na watoto, ukae mwezi. Tutapanda kilima cha kisimani wote wawili. Nitahema, utanisubiri, tutaendelea.

Ila kampuni za ndege sizijui. Waulize kama tiketi yako inabadilishwa, na unijibu upesi, ili nijue nikuwekee chumba kipi.

Dada yako, Sanavbar